Kiseyeye: sindano ya vitamini C, kidonge au pera?

Shemeji yangu alifika na mashua ya asubuhi kutoka kisiwani, akashusha dagaa wake soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kisha akaja moja kwa moja nyumbani huku bado ananukia ziwa. Hata chai hakuingoja. Alitoa mfukoni kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti akakiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai. Zilikuwa ampuli mbili za vitamini C na bomba moja la sindano.

"Shem, nichome hizi. Fizi zinanimaliza."

Mimi ni muuguzi, na kwa ndugu zangu maana yake ni kwamba natembea na zahanati kwenye mkoba. Niliinua ampuli moja dirishani. Lebo ilikuwa imefutika nusu, tarehe ya mwisho wa matumizi haisomeki, na maji ya ndani yana rangi ya chai iliyolala. Vitamini C ya sindano ikiwa nzima haina rangi, au ina unjano wa kubabaisha tu. Ikishageuka kahawia imeshaungua kwa hewa, mwanga na joto. Hizi zilikuwa zimezunguka kwenye boksi la mchuuzi, kisiwa kwa kisiwa, chini ya jua la ziwani. Dawa hii hutakiwa kukaa gizani na penye ubaridi, na ampuli iliyopata joto muda mrefu inaweza hata kujaa mgandamizo ndani, ukiivunja shingo ikakurukia vipande. Ndiyo maana tunaishika kwa kitambaa.

Nilimkatalia. Ila swali lililokuwa nyuma ya ombi lake lilikuwa la haki, na nalisikia kila wiki kutoka kwa watu wa Igoma, Buhongwa, Nansio: kama mwili umepungukiwa vitamini C, bora nini? Sindano, kidonge, au matunda? Mama mkwe, aliyekuwa jikoni, alishatoa hukumu yake kabla yangu: "Sindano ndiyo dawa. Kidonge ni cha mafua."

Kabla ya kulinganisha njia hizo tatu, lazima tujue tunatibu nini. Kiseyeye ni ugonjwa wa kupungukiwa vitamini C. Fizi kutoka damu peke yake si kiseyeye. Watu wengi wanaotema damu wakipiga mswaki wana ukoga uliogandamana kwenye meno, na dawa yake iko kwa daktari wa meno. Mjamzito fizi zake huvimba kirahisi. Damu ya fizi pamoja na michubuko isiyo na sababu inaweza pia kuwa ugonjwa wa damu wenyewe, na huo ukiupaka jina la "upungufu wa vitamini" unapoteza wiki za thamani. Kwa hiyo nilimkalisha shemeji, nikamwambia afunue mdomo, kisha apandishe suruali.

Fizi zilikuwa za zambarau, zimevimba katikati ya meno kama sponji, jino moja la mbele linacheza. Kwenye mashavu ya miguu kulikuwa na vidoti vyekundu, kila kimoja kimezunguka shina la unywele, na vinyweleo vyenyewe vimejikunja kama waya wa kizibuo. Kidonda cha ndoana kwenye kidole gumba kilikuwa na wiki ya tano hakijafunga. Magoti yanauma, mwili umechoka hata akiamka. Vidoti vya kuzunguka vinyweleo na nywele zilizojikunja hivyo ndivyo hasa vilivyonifanya nifikirie kiseyeye na si kitu kingine.

"Kambini mnakula nini?"

"Ugali. Dagaa. Sato tukipata. Chai ya rangi."

"Mboga?"

Akacheka. Na sigara anavuta, ambazo zenyewe huongeza mahitaji ya vitamini C. Wataalamu wa Marekani humwongezea mvutaji miligramu 35 kwa siku juu ya kiwango cha mtu asiyevuta.

Mbuzi na ng'ombe hujitengenezea vitamini C mwilini, binadamu hawezi. Mtu aliyeshiba vizuri ana akiba ya kama gramu 1.5 mwili mzima. Asipoingiza kitu, akiba huliwa kidogo kidogo, na ikishuka kufika kama miligramu 300 dalili zinaanza. Hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, yaani msimu mmoja wa kambi. Na mtu huyo huyo anaweza kuwa na mwili wa mvuvi, mikono kama makasia, samaki tele kwenye sufuria. Kiseyeye hakihitaji njaa.

Sindano na kidonge

Hapa ndipo penye ubishi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Imani ya mama mkwe ni kwamba sindano ina nguvu zaidi. Kwa maana moja ana haki. Fikiria kivuko cha Kamanga: kina nafasi ya magari kadhaa, kikijaa kimejaa, hata foleni ikifika mjini. Utumbo nao una milango yake ya kupokea vitamini C. Ukimeza miligramu 200, karibu zote zinavuka. Ukimeza gramu 1 au zaidi kwa mpigo, zinazovuka ni nusu hivi au pungufu, zilizobaki zinaishia tumboni na nyingine zinakuletea kuharisha. Sindano haipangi foleni. Inaingia damuni yote, na inapandisha kiwango ambacho kidonge hakiwezi kukifikia hata ukimeza kopo zima.

Sasa je, kutibu kiseyeye kunahitaji kiwango hicho? Hapana. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha vitamini C ya mshipani kwa ajili ya kiseyeye, na maelekezo yake ukiyasoma yanashangaza kwa udogo. Mtu mzima na mtoto wa miaka 11 na zaidi hupewa miligramu 200 mara moja kwa siku. Mtoto wa mwaka 1 hadi chini ya 11, miligramu 100. Wa miezi 5 hadi chini ya mwaka, miligramu 50. Mwisho siku 7. Na ni kwa mtu ambaye njia ya mdomo haiwezekani, haitoshi, au haimfai.

Miligramu 200. Gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya hiyo, kama miligramu 228, na hayo ni mapera mawili hivi ya ukubwa wa kawaida. Nilipomwambia mama mkwe kwamba sindano ya hospitali ni sawa na mapera mawili, alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Lakini ya sindano inafanya haraka," akasema.

Hata hapo hapana. Anayemeza kipimo sahihi na tumbo likakipokea, uchovu na maumivu huanza kulegea ndani ya siku moja mbili, damu ya fizi hukata ndani ya siku chache, michubuko huhitaji wiki kadhaa, na kupona kabisa kunaweza kuchukua hadi miezi 3. Sindano haifupishi safari hiyo kwa mtu anayeweza kumeza, kwa sababu kinachochukua muda ni mwili kujenga upya nyama za fizi na kuta za mishipa ya damu.

Ushahidi kwamba njia ya mdomo hufanya haraka ni wa zamani kuliko sindano zenyewe. Mwaka 1747, kwenye meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, daktari James Lind alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Jozi moja ilipata siki. Nyingine matone ya asidi ya salfa iliyozimuliwa. Nyingine maji ya bahari. Moja ikapata machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku 6, na kufikia hapo mmoja wa wale wawili alikuwa amerudi kazini. Wa siki walibaki walivyo. Pamoja na hayo, jeshi la majini la Uingereza lilingoja hadi 1795 ndipo likaanza kugawa maji ya limau kwa utaratibu, kwa hiyo tusimcheke sana mama mkwe.

Ni nani basi wa kuchomwa?

Wapo. Anayetapika kila kitu. Asiyejitambua. Aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo, au mwenye ugonjwa wa utumbo unaozuia chakula kufyonzwa. Mtoto aliyedhoofika hadi hawezi kumeza. Mtu wa hivi akija na kiseyeye, mahali pake ni hospitali, na sindano huko ni chaguo zuri, bila mjadala. Kwa Mwanza nasema hospitali yenye maabara na daktari wa kufuatilia, kama Sekou Toure au Bugando, maana mgonjwa aliyefikia hapo mara nyingi ana mengine nyuma ya kiseyeye. Akishaanza kumeza, anahamishiwa kwenye vidonge.

Inavyotolewa nayo ina maana. Dawa huchanganywa kwanza na maji ya dripu yaliyotajwa kwenye lebo, kisha inaingia polepole. Kwa mtu mzima kasi ya maelekezo yale ya 2017 ni miligramu 33 kwa dakika, yaani miligramu 200 huchukua dakika kama 6. Ukiisukuma kwa bomba moja kwa moja, mgonjwa anaweza kupata kizunguzungu au kuzimia kitandani. Haichanganywi kwenye bomba moja na dawa nyingine. Na ampuli hazifanani: nyingine lebo inaruhusu msulini, nyingine mshipani tu, nguvu nazo zinatofautiana, kwa hiyo neno "vitamini C" kwenye karatasi halitoshi. Lebo isiyosomeka, kama ya shemeji, inamaliza mazungumzo. Duka la dawa muhimu nalo si mahali pa kuchomea sindano, haliruhusiwi. Kaunta ikiwa na pazia na kitanda nyuma yake, ondoka.

Kuna watu wanne ambao sindano hii, hasa ikiwa ya vipimo vikubwa, hunitia wasiwasi.

Wa kwanza ni mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Hali hii hurithiwa na imeenea zaidi kwenye maeneo ya malaria, na kanda yetu ya ziwa malaria ni ya nyumbani. Wengi hawajui kama wanayo hadi waingiziwe dawa isiyowafaa. Vitamini C nyingi mshipani inaweza kupasua chembe nyekundu za damu yao. Mkojo unakuwa mweusi kama Coca-Cola, macho yanageuka njano. Historia ya kukojoa hivyo baada ya kutumia dawa fulani ni jambo la kumwambia daktari kabla hajafungua ampuli, na kipimo kipo.

Wa pili ni mwenye figo mbovu au aliyewahi kupata mawe ya figo. Vitamini C iliyozidi hutoka kwa mkojo, sehemu yake ikiwa imegeuka oksaleti, na oksaleti huganda kwenye figo.

Wa tatu ni mwenye kisukari, kwa sababu ambayo wengi hawaifikirii. Mashine ndogo za kupima sukari kidoleni zinaweza kuidhania vitamini C kuwa sukari. Namba inasoma juu, mtu anaongezewa insulini, kumbe sukari yake halisi iko kawaida au chini. Maelekezo yanataka vipimo vya aina hiyo vingojwe saa 24 baada ya dripu.

Wa nne ni aliyeongezewa damu mara nyingi, na hapa kwetu hao ni pamoja na wagonjwa wengi wa seli mundu. Mwili wao unaweza kuwa na madini ya chuma yaliyozidi, na vitamini C huyachochea. Huyo hata vidonge vya vitamini C vya kipimo kikubwa asijianzishie.

Kuhusu zile dripu za weupe na za "kuongeza nguvu" zinazopitishwa majumbani na kwenye saluni, nitasema kwa ufupi kwa sababu hazina uhusiano na kiseyeye. Zinabeba gramu kadhaa, mara nyingi zikiwa na vitu vingine ndani, kwa mtu ambaye hakupimwa chochote. Nimewahi kumpokea dada mmoja aliyetoka sehemu ya hivyo, mkono umevimba kuanzia kiwiko, dripu ilipita nje ya mshipa na aliyemwekea akamwambia ni kawaida. Hakujua hata jina la kilichokuwa ndani ya chupa.

Kidonge

Kwa mtu anayemeza na asiyetapika, mimi nachagua kidonge, na sioni haya kusema nachagua. Kipimo cha kawaida cha kutibu mtu mzima ni kati ya miligramu 300 na 1,000 kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu ili zivuke zote. Mtoto kati ya 100 na 300. Hii ni kwa muda wa mwezi hivi, kadiri daktari atakavyoona, kisha chakula kishike usukani. Watu huacha siku ya tano kwa sababu fizi zimenyamaza. Hapo akiba mwilini bado haijajaa.

Vile vya kutafuna vya rangi ya chungwa ni vizuri, ila ni tindikali: suuza mdomo kwa maji, usimlambishe mtoto kama pipi. Vya kuyeyusha kwenye maji, vya gramu 1 vyenye povu, vina chumvi ya sodiamu ya kutosha kumsumbua mwenye presha, na nusu ya gramu yenyewe, tumeshaona, haivuki. Unalipia povu. Kopo lolote utakalochukua, soma tarehe, na usiliweke dirishani.

Na chakula?

Kuzuia kiseyeye kunataka kidogo sana, kama miligramu 10 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri 45 kwa mtu mzima ili kuwe na nafasi ya kupumua. Chungwa moja la wastani linatoa kama 70, na Ukerewe machungwa si kitu cha kutafuta. Papai lina kama 60 kwa kila gramu 100. Embe linatosha msimu wake.

Shida yetu Usukumani iko kwenye vile tunavyovikausha. Mimi napenda michembe na nsansa, nimekulia humo. Lakini jua linalokausha viazi na majani ya kunde kwa ajili ya kiangazi ndilo linalokula vitamini C yake, na kuchemsha baadaye kunamaliza kilichosalia. Vivyo hivyo kisamvu: kibichi kina nyingi, ila hakuna anayekila kibichi, na wala asijaribu, kina sumu. Mchicha ukiinjikwa dakika chache na ukanywa supu yake bado una kitu. Kachumbari ya nyanya, pilipili hoho na limau pembeni ya sato ina zaidi. Ubuyu mkavu, ule unga mweupe wa asili, ni mzuri ingawa kiasi hutofautiana mbuyu kwa mbuyu. Ule mwekundu uliopikwa na sukari usiuhesabu.

Na ukwaju, hapa nimebishana na watu wengi. Ukwaju ni mchachu kuliko chungwa, basi watu wanadhani ndio wenye vitamini C zaidi. Una miligramu chache mno. Uchachu wake ni wa asidi nyingine kabisa, kama vile siki ya mabaharia wa Lind ilivyokuwa chachu na isiwasaidie.

Mtu aliyeshaugua akitibiwa kwa matunda peke yake anaweza kupona, wale wa 1747 walipona. Lakini kwa mtu mwenye jino linalocheza sipendi kutegemea kama leo sokoni kulikuwa na mapera. Namwanzishia kidonge na matunda pamoja, na sindano naiachia hospitali.

Shemeji alipimwa damu siku hiyo hiyo; upungufu wa damu alikuwa nao, akaandikiwa na vidonge vya madini ya chuma, ambavyo vitamini C inavisaidia kufyonzwa. Daktari hakuandika sindano. Ampuli zake nilizitupa kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali pamoja na lile bomba, naye akazitazama zikiingia.

"Na hela yangu, shem?"

"Kamdai mchuuzi."

Siku ya nne alipiga simu kutoka kambini, mtandao unakatika. Damu imekata, analala. Halafu akasema kuna wenzake watatu wamemwomba vidonge, wana fizi kama zake. Nikamwambia asiwagawie, waje wapimwe. Kisha nikamuuliza mashua ya Jumatano huwa inawaletea nini.

"Unga. Sukari. Sigara. Vocha."

"Nani anapanga orodha?"

"Mimi."

"Basi ongeza tenga la machungwa."

Akanyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekatika tena. "Yatakaa siku ngapi?" akauliza.